Kabla hujampeleka mtoto kwenye tenisi ya kulipwa

Agosti 2025, Victoria Mboko alipomfunga Naomi Osaka kwenye fainali ya tenisi ya Montreal, simu yangu haikupumzika. Binti Mkanada wa miaka 18, mzaliwa wa wazazi wa Kikongo, kabeba zaidi ya dola 750,000 kwa shindano moja! Wazazi wa watoto ninaowafundisha hapa Nairobi walinitumia picha ileile na swali lilelile: "Kocha, wetu lini?"

Mimi huwarudisha Januari ya mwaka uleule. Mboko alikuwa nje ya mia tatu bora duniani, akicheza mashindano madogo ya ITF, shirikisho la tenisi la kimataifa, kule visiwa vya Martinique na Guadeloupe, ambako bingwa huondoka na dola elfu chache tu. Naye alikuwa bingwa. Sasa fikiria waliokuwa wakitolewa mapema.

Nilikuwa mmoja wao. Mwaka 2019 ukoo ulinifanyia harambee, nikaenda Monastir, Tunisia. Nilishinda mechi tatu za mchujo wa kuingia shindano lenyewe, na mchujo haulipi hata senti. Ya nne, raundi ya kwanza yenyewe, nikafungwa, nikalipwa dola 156 kabla ya kodi. Hoteli ilikuwa imeshakula zaidi ya hizo. Nyuzi za raketi zilinikatikia mara mbili, na kila ufundi ni pesa. Niliporudi mjomba akauliza zimebaki ngapi. Nikamwambia nimechoka, nalala.

Kosa langu halikuwa kufungwa. Nilikata tiketi ya wiki moja! Gharama kubwa kwetu ni ndege, na Monastir wana mashindano karibu kila wiki. Ukishafika, kaa. Kama pesa haitoshi wiki tano au sita, subiri mchango ukue, cheza ya karibu kwanza. Jiandikishe kucheza wawili wawili pia, hata na mwenzako mliyekutana kwenye kifungua kinywa. Na jifunze kufunga nyuzi mwenyewe. Wanafunzi wangu nawafundisha wakiwa na miaka kumi na minne, wananung'unika sana.

Kuna jambo wazazi hawapendi nilitaje. Mchezaji mwenye njaa hupata ujumbe wa kupanga matokeo kutoka kwa mtu asiyemjua: poteza seti ya kwanza tu, tutakutumia pesa. Kiasi anachoahidiwa huipita zawadi ya wiki nzima. Wapo wachezaji wa mashindano haya madogo waliofungiwa maisha. Hata ukikataa, usipotoa taarifa umevunja kanuni. Mweleze mtoto kabla hajapanda ndege, siyo baada.

Halafu kuna chuo. Baba mmoja aliniambia chuo ni cha walioshindwa. Nikamuuliza kama anamjua Angella Okutoyi, Mkenya mwenzetu wa tenisi. Akacheka: nani asiyemjua? Basi Okutoyi alienda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, Marekani, ambako timu ya chuo ina makocha, viwanja na safari ambazo mchezaji hazilipii mfukoni, huku anasoma.

Na alienda baada ya kushinda mashindano ya vijana ya Wimbledon, Uingereza. Julai 2022, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walitwaa taji la wasichana wawili wawili, wakiwafunga Wakanada wawili kwenye fainali. Mmoja wa Wakanada hao alikuwa Mboko. Mashindano ya vijana hayana zawadi ya fedha, kwa hiyo siku ile wote wanne waliondoka uwanjani bila hata pauni moja.