Duka la Mary Quant na hesabu za kitambaa chako

Wewe unayetaka kufungua duka la nguo unazoshona mwenyewe hapa Dodoma, usimtazame Mary Quant, mbunifu wa mavazi wa Uingereza, kwa sketi fupi peke yake. Tazama alivyoanza. Mwaka 1955 yeye, Alexander Plunket Greene na Archie McNair walifungua duka la nguo, Bazaar, King's Road, London. Nguo alizozitaka Quant hazikupatikana kwa wauzaji, akaanza kuzishona. Kukata alijifunza madarasa ya jioni, akirekebisha patani za kununua, yaani michoro ya karatasi ya kukatia nguo. Mauzo ya mchana yalinunua kitambaa, usiku kikashonwa, kesho yake nguo ikawa dukani.

Mzunguko huo unamfaa mwenye mtaji mdogo, lakini mwanzoni Quant kitambaa alikinunua Harrods, duka kubwa la London, kwa bei ya rejareja, na hapo ndipo faida inapovuja. Tuseme yadi ni shilingi 6,500 rejareja na 5,000 jumla. Gauni la yadi 3 limekula 4,500 ya faida yako kabla hujagusa cherehani. Magauni 10 ni 45,000. Kama huna fedha ya jora zima, changeni mafundi wawili watatu mchukue pamoja. Kitenge chenye maua yanayoelekea upande mmoja kiongezee nusu yadi, maana huwezi kugeuza vipande ili kubana nafasi.

Pamba iloweke, ianike, ipige pasi ndipo ukate. Ikisinyaa baada ya mteja kufua, lawama ni yako.

Patani ya kununua imechorwa kwa vipimo vya wastani. Mwenye nyonga pana na kiuno chembamba atabanwa chini huku kiuno kinapwaya. Pima kifua, kiuno, nyonga, kisha bega hadi kiuno. Hiki cha mwisho wengi wanakiruka, na mkato wa kiuno ukishakaa kwenye mbavu huna pa kuushushia. Acha inchi 1 ubavuni ili gauni liweze kupanuliwa. Mabegani nusu inchi inatosha. Shona moja la majaribio kwa kitambaa cha bei nafuu, livaliwe, mtu aketi nalo, ndipo ukate mengine.

Oda za jumla zisikuharakishe. Quant alianzisha Ginger Group, nguo za bei nafuu zaidi za kuuzwa maduka mengine, mwaka 1963, miaka 8 baada ya Bazaar.

Weka daftari kaunta. Andika kila nguo iliyoulizwa ukawa huna, pamoja na saizi yake. Fungua kurasa hizo mwezi Machi, kabla Bunge la bajeti halijajaza mji, ndipo ununue kitambaa.