Tutamjuaje Msanidi Programu Anayeijua Kazi?

SWALI: Hamjambo wataalamu. Tunafungua kampuni ndogo hapa Likoni: mteja aagize samaki kwa simu, alipe kwa M-Pesa, aletewe nyumbani. Sisi ni watu wa samaki, mambo ya programu hatuyajui. Vijana watatu wameomba kazi na vyeti vya wote vinapendeza. Tuchague vipi? Mmoja yuko tayari kupokea mshahara mdogo tukimpa asilimia 8 ya kampuni.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Vyeti viwekeni kando kwanza. Wapeni wote kazi moja ya siku mbili, na muwalipe ujira wa siku hizo. Mkitaka bure, yule hodari huenda asije kabisa. Kazi iwe ukurasa mmoja: mteja achague kilo mbili za changu, alipe, oda iandikwe "imelipwa". Watumie Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa. Ina sehemu ya majaribio isiyogusa fedha halisi.

Kwenye malipo ndipo wengi hukwama, nanyi mtawapima bila kusoma hata mstari mmoja wa msimbo, yaani maandishi yanayounda programu. Programu ikiomba malipo, Safaricom hujibu papo hapo: ResponseCode 0. Hapo ombi limepokewa tu, mteja hata namba ya siri hajaandika. Matokeo huja baadaye kwenye seva yenu, yaani kompyuta inayoendesha programu: ResultCode 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi. Asiye mzoefu huona ile sifuri ya kwanza akaandika "imelipwa", na changu wakaondoka bure.

Basi muulizeni kila mmoja, kompyuta ikiwa wazi mbele yenu: mteja akighairi, oda inasomekaje? Taarifa ya malipo ikifika mara mbili, oda nazo zinakuwa mbili? Na isipofika kabisa kwa kuwa seva ilizimika? Hilo la mwisho ndilo chujio. Anayejua atawaonyesha kwamba amehifadhi CheckoutRequestID, namba ya utambulisho ya kila ombi, na kwamba programu huiuliza Safaricom upya ikiona kimya.

Kisha mwambieni aongeze ada ya usafiri, shilingi 150, pale pale. Aliyeandika mwenyewe anajua pa kugusa. Kusaidiwa na akili mnemba si kosa, lakini asiyeielewa kazi aliyoileta mtamwona akihangaika kutoka faili hadi faili.

Mkishampata, mkataba uandikwe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inaruhusu majaribio yasiyozidi miezi 6, na notisi ya kuachana katika kipindi hicho ni isiyopungua siku 7. Mkataba utaje kwamba msimbo ni mali ya kampuni. Akaunti zote, yaani GitHub (ghala la mtandaoni la kuhifadhi msimbo), seva, jina la tovuti, Daraja na Google Play (dola 25, hulipwa mara moja), zifunguliwe kwa barua pepe ya kampuni, kisha yeye aalikwe ndani. Zikiwa kwa jina lake, siku akiondoka mtambembeleza mpaka mchoke.

Ile asilimia 8 msiikatae, ila asipewe yote siku ya kwanza. Kampuni changa nyingi huigawa kwa miaka 4: akiondoka kabla ya mwaka kutimia hapati kitu, ukitimia anapata robo, yaani asilimia 2, na zilizobaki kidogo kidogo kila mwezi, kama asilimia 0.17. Wakili aliandike hilo sasa, kabla biashara haijashika kasi na kila mtu akakumbuka mapatano kivyake.