Kuhusu wahudumu wa mapokezi wasiobadilika licha ya kuelekezwa
Dada, umeuliza kwa nini wahudumu wa mapokezi katika hoteli yako hapo Moshi hawabadiliki ingawa unawaelekeza kila asubuhi. Naamini unawapa majibu kabla hawajapata nafasi ya kufikiri. Jaribu mfumo wa maswali uitwao GROW (herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya lengo, hali halisi, njia na nia), uliojulikana sana kupitia John Whitmore, mkufunzi wa viongozi wa Uingereza, ambao humtaka msimamizi aulize kwa mpangilio: mfanyakazi anataka kufikia nini, hali ikoje sasa, ana njia zipi, na atafanya nini na lini. Swali la pili ndilo linalostahili muda mwingi, kwa maana mtu akieleza mwenyewe kinachotokea pale kundi la wapanda mlima linaporejea kutoka Kilimanjaro likiwa limechoka, na kila mmoja anadai ufunguo wake kwa wakati uleule, mara nyingi huona kasoro ambayo wewe hukuwahi kuitaja. Lengo nalo liwe mahususi. Tafiti za wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham zilionyesha kuwa lengo mahususi na gumu huleta matokeo bora kuliko agizo la “jitahidini”. Mazungumzo hayo yafanyike faraghani, kamwe si mbele ya wageni. Aliyeajiriwa juzi, hata hivyo, afundishwe kwanza, kwani hawezi kuchagua njia asizozijua.