Jibu: Mdogo wangu kashikwa Mkunguni, akubali tu yaishe?

Asikubali! Nimesoma uzi wako saa tano ya usiku nikaruka kitandani, mke wangu akadhani kuna msiba.

Wasema mdogo wako kashikwa Mkunguni, pale uwanjani mjini Lamu, kwa muziki na rabsha, spika imechukuliwa, wazee wa mtaa wanalalama kwamba korti inawadekeza hawa vijana, leo faini, kesho wako barazani tena. Na kuna mtu kakwambia akubali kosa, "faini ni mia tano tu." Huyo mtu namjua. Kama si yeye, ni pacha wake.

Wangu nilimkuta nje ya korti mwaka 2019, kashika bahasha ya kaki, nikamdhania karani. Kosa langu lilikuwa punda. Punda wangu kabeba saruji, kijana mmoja akamchapa apishe njia, mfuko ukapasuka, nikapiga makelele mpaka watu wakatoka msikitini, kisha tukashikana mashati. Punda mwenyewe hakushtakiwa.

Yule bwana wa bahasha akanywa chai yangu, akala mahamri yangu manne, akanipa sheria. Akasema: ukikataa utapelekwa rumande gereza la Hindi, uvuke maji mpaka Mokowe kule bara na pingu, ukae huko mwezi. Ukikubali, mia tano, adhuhuri uko kwako. Nikaogopa Hindi.

Kumbe hiyo mia tano ni ya mlevi. Ndiyo faini ya juu ya mtu aliyelewa akaleta fujo barabarani, kwa ile sheria ya vileo ya 2010 tuliyoizoea kwa jina la sheria ya Mututho, na hata hapo hakimu aweza kukupa miezi mitatu. Mimi sijawahi kuonja. Hati yangu ya mashtaka iliandikwa kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kuzua rabsha ya kuvuruga amani, na hicho ni mpaka miezi sita. Sikuisoma. Niliikunja nikaitia mfukoni kama risiti ya dukani.

Na hiyo rumande? Katiba, ibara ya 49, yasema mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miezi sita. Miezi sita hasa ndiyo ya kifungu cha 95! Nilikubali kosa kwa kuogopa kitu ambacho Katiba imekikataza. Mahamri manne, wallahi.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipojichimbia. Nikasomewa shtaka, nikasema ni kweli. Bado mlango ulikuwa wazi. Kiongozi wa mashtaka akasoma maelezo: kwamba nilimpiga yule kijana ngumi ya mdomo, akatoka damu. Sikumpiga! Nilimshika shati, kifungo kikakatika, basi. Hakimu akaniangalia, akauliza polepole, "Maelezo hayo ni ya kweli?" Ningesema "ngumi sikupiga," angeandika nimekana na kesi ingeendelea kama kawaida. Mimi nikamtazama yule bwana wa bahasha kule nyuma. Akanikonyeza. Nikasema, "Ni kweli, mheshimiwa."

Faini elfu kumi au miezi mitatu. Shemeji akauza simu yake.

Nikataka kukata rufaa, wakili wa kweli safari hii akaniambia: aliyekiri kosa mwenyewe hawezi kupinga kutiwa hatiani, analoweza kupinga ni adhabu tu, kiasi chake au uhalali wake. Ngumi imebaki yangu mpaka kufa. Na elfu kumi si kitu, ililipwa. 2022 nikapata nafasi ya kazi upande wa Kililana, wakataka cheti cha tabia njema. Nikaenda nikatiwa wino vidole vyote kumi, cheti kikarudi na kosa limeandikwa. Kazi akapewa mwingine. Yule aliyemchapa punda sasa ana boti mbili.

Kwa hiyo hao wazee wanaosema korti ni laini, ni kweli wanaona mtu ametoka mlangoni anacheka. Mimi pia nilitoka nacheka. Wakija kwangu niwaonyeshe cheti.

Mdogo wako aiombe hati leo, asome kifungu, asome na maelezo neno kwa neno. Kama kuna hata neno moja si lake, aseme si kweli, kwa sauti, hata kama hakimu ana haraka. Akishaelewa kila kitu na akaona ni kosa lake kweli, hapo ni shauri lake na Mola wake.

Niandikie saa mnayoingia. Nitakuwa pale nje mapema, na huyo bwana wa bahasha akitokea, chai leo ananunua yeye.