Mashabiki wa ugenini, pandeni Mwanga

Swali lenu la wiki hii linauliza: timu ya ugenini ikija kucheza mjini kwenu, mashabiki wake utawapeleka baa gani, na kwa nini? Mimi ni mkazi wa Kigoma. Naishabikia Mashujaa tangu haijapanda Ligi Kuu mwaka 2023, na ikicheza nyumbani, Uwanja wa Lake Tanganyika, nakuwepo labda niwe naumwa. Ushauri wangu kwa wageni: msiishie mjini chini kwenye hoteli mlizofikia. Pandeni hadi eneo la Mwanga, na baa mchague kwa jiko lake.

Anayekuja kwa treni anashukia stesheni iliyojengwa na Mjerumani, mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Mbele yake kuna barabara kuu inayopanda mlima chini ya miembe. Wengi wakishapata chumba hapo chini hawataki tena kusogea. Wanakunywa palepale, wanakula chipsi mayai, kesho wanaondoka wakisema Kigoma hakuna kitu. Hili linaniuma. Chukua bajaji, mwambie Mwanga. Ndiko liliko soko, ndiko watu wa mji wanakoishi, na ndiko wanakoelekea mpira ukiisha.

Majina ya baa sitayataja, na si kwa uchoyo. Baa hubadili mwenyewe, mpishi huhama, na mpishi mzuri akihama, bango hubaki lilelile wakati chakula kimekwisha kuharibika. Nawapa namna ya kuitambua baa.

Mechi za hapa kwa kawaida huanza saa kumi jioni. Zikiisha, jua bado lipo, kwa sababu huku magharibi linazama karibu saa moja. Itumieni saa hiyo. Kabla hamjakaa, nendeni kwenye jiko la mkaa mkaangalie kinachochomwa. Kama ni mgebuka, kaeni. Ni samaki mrefu, mwembamba, kwenye sahani ya kawaida mkia unatokeza nje. Mchomaji anayejua kazi anampasua mgongoni, anamtia chumvi na ndimu, kisha anamwacha juu ya moto mdogo. Ngozi inakauka bila kuungua na mafuta yanadondokea kwenye mkaa taratibu. Ukiona moto unawaka kwa miali na mchomaji anageuzageuza kila sekunde, huyo ana haraka, na samaki wake atakuwa mweusi nje, mbichi kwenye uti. Na ukiona nyama inamomonyoka yenyewe kwenye wavu, samaki huyo amelala sana. Agizeni ugali wa muhogo, kachumbari na pilipili. Mboga ikija imeungwa kwa mawese, msiirudishe kabla ya kuonja.

Kuna jambo wageni wengi hawalijui. Dagaa na migebuka ya huku huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, wavuvi wengi hupumzika, na sokoni bei inapanda. Kwa hiyo kabla ya kufunga safari tazameni mbalamwezi pamoja na ratiba ya ligi. Vilevile, mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, na mwisho wa ligi mara nyingi huangukia kipindi hichohicho. Siku kama hizo baa inayokuahidi mgebuka wa leo inakudanganya, anatoka kwenye friza. Agizeni kuku wa kienyeji au mishkaki, na kuku mwagizeni mapema, kabla ya kwenda uwanjani, mmkute tayari mkirudi. Samaki wakiwepo, wenye muda waende asubuhi mwaloni Kibirizi, samaki wanakoshushwa, wanunue wenyewe, wampelekee mchomaji. Baa nyingi zinakubali kwa malipo kidogo ya mkaa, ilimradi bia mnunue kwao.

Kuhusu kinywaji sina maneno mengi. Safari, Kilimanjaro na Balimi utazipata karibu kila mahali. Ulizeni kama kuna ya baridi, na mguse chupa kabla haijafunguliwa. Umeme ukiwa umekatika tangu mchana, hata baa nzuri itakuletea ya moto.

Jambo linalonikera ni bei. Simba au Yanga ikija, baadhi ya baa zetu hupandisha bia asubuhi ya mechi. Nilikaa kwenye mojawapo na wageni waliovaa jezi za kijani na njano. Meza ya pili wenyeji walilipa bei ya kila siku, sisi tukatozwa ya juu, na bili ikaja na chupa ambazo hakuna aliyezinywa. Nilisimama nikabishana na meneja mpaka ikarekebishwa, lakini aibu ilikuwa yangu kama mwenyeji. Kwa hiyo: ulizeni bei kwa sauti kabla ya chupa ya kwanza, mhudumu afungulie mezani, chupa tupu zisiondolewe mpaka mmelipa, na ikiwezekana lipieni kila raundi.

Msiogope kuvaa jezi zenu. Simba na Yanga zina watu wao hapa miaka nenda rudi, na tarehe 25 Julai 2021, walipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini kwenye uwanja wetu na Simba ikashinda 1-0, mji ulifurika rangi zote na watu walikaa meza moja. Utani mtaupata, hasa Wanasimba. Tangu tulipowatoa kwenye kombe hilohilo kwa penalti Aprili 2024 hatujaacha kuwakumbusha. Tafuteni meza yenye mashabiki wa Mashujaa na mjitambulishe mmetoka wapi. Hao ndio watakaowaambia mchomaji yupi yuko zamu leo.

Dada zangu mnaosafiri na timu, nawaongezea moja. Mimi naangalia choo kabla ya kiti. Baa ambayo choo kina taa, maji na komeo, na mhudumu wa kike hasumbuliwi na wateja, hapo nakaa mpaka usiku. Namba ya dereva wa bajaji aliyewapandisha ichukueni mapema.

Na wasiokunywa wasidhani hawana pa kwenda. Waende Ujiji, ni mwendo mfupi tu kutoka Mwanga. Baa huko ni chache, lakini vijiwe vya kahawa vipo, na mzee wa kijiweni atakuchambulia safu ya ulinzi ya timu yako kuliko mtangazaji yeyote. Kahawa inakuja kwenye vikombe vidogo, chungu, na kashata pembeni.

Nanyi wenye baa wa Mwanga mnaosoma hapa, nawaomba: wiki ya mechi kubwa bandikeni bei ukutani tangu Jumatano, iwe ileile kwa mgeni na mwenyeji, na mchomaji wenu msimpe likizo siku hiyo.