Maswali yenu kuhusu minara ya makanisa ya Uingereza

Niliposema niulizeni kuhusu minara ya makanisa ya huku Uingereza sikutegemea maswali yatakuwa mengi hivi. Nimechukua machache, haya twende.

Nilipita na treni Chesterfield nikaona mnara wa kanisa umepinda na kujisokota kama kamba. Ulijengwa hivyo makusudi au?

Hapana, hakuna fundi aliyekusudia vile. Kanisa lenyewe ni la Mtakatifu Maria na Watakatifu Wote, ile ncha iliwekwa juu miaka ya 1360, ina urefu wa mita 70 hivi toka chini, imejizungusha kama nyuzi 45 na kileleni imetoka nje ya mstari karibu mita 3. Wengi wanalaumu mbao mbichi, ila mbao mbichi peke yake sio kosa, mafundi wa enzi zile walipenda kuchonga mwaloni ukiwa mbichi maana ukishakauka unakuwa mgumu kama chuma, ukikaukia kwenye fremu iliyobanwa vizuri hausumbui. Shida ya pale ni kwamba fremu haina viunga vya mshazari vya kutosha, halafu juu yake wakafunika mabati ya madini ya risasi, tani 30 na zaidi, sasa upande wa kusini unapigwa na jua unatanuka kuliko ule wa kaskazini, taratibu mbao zinavutwa. Na kumbuka miaka kama 13 tu kabla ya hapo tauni kubwa ya 1348 na 1349 ilikuwa imemaliza watu nchi nzima, mafundi wazee wenye ujuzi wengi walikufa na ujuzi wao, mimi hili huwa linaniuma nikiuangalia ule mnara, kwamba huenda waliojenga walikuwa vijana wasio na wa kuwauliza. Wenyeji wana hadithi yao kwamba shetani ndo aliupinda, na wanaupenda mno, hadi timu yao ya mpira jina lake la utani limetokana na mnara huo.

Upi ni mrefu kuliko yote?

Wa kanisa kuu la Salisbury, mita 123. Cha ajabu msingi wa lile kanisa unashuka kama mita 1.2 tu, limekaa juu ya kokoto zenye maji, na ule mnara uliongezwa baadaye, miaka ya 1300 mwanzoni, ukaleta tani 6,500 za ziada kwenye nguzo ambazo hazikuandaliwa kwa uzito huo. Ukiingia simama katikati kabisa uangalie juu, nguzo zimejikunja, inaonekana kwa macho. Mwaka 1668 msanifu majengo Christopher Wren aliupima akakuta umeegemea karibu sentimita 75. Bado upo.

Mbona Norfolk makanisa mengi yana minara ya duara, na sehemu zingine ni ya mraba?

Jibu linalotolewa sana ni mawe. Norfolk haina mawe mazuri ya kuchonga, kuna gumegume tu, lile jiwe gumu la kuwashia moto, linaokotwa mashambani. Kona ya mraba inataka jiwe lililochongwa likanyooka, duara haina kona, kwahiyo unapanga gumegume na chokaa mpaka juu. Matajiri wa Norwich, mji mkubwa wa huko Norfolk, wao waliagiza mawe ya kanisa lao kuu kutoka Caen, Ufaransa, yakaja kwa meli, ila kijiji cha wakulima pesa hiyo kingetoa wapi. Ni kama pwani kwetu walivyojenga kwa matumbawe, unatumia kilichopo. Uingereza nzima imebaki kama minara 180 ya duara na zaidi ya 120 ipo Norfolk peke yake.

Nimehamia mji mdogo, kila Jumanne usiku kengele za kanisa zinagongwa saa nzima na zaidi, hakuna wimbo wala nini, ni kelele tu. Wanafanya nini hao?

Wanafanya mazoezi, na sio kelele, sikiliza tena vizuri. Kengele za huku zimefungwa kwenye gurudumu zima, mtu akivuta kamba kengele inazunguka duara kamili, na kengele moja inaweza kuwa na tani nzima, huwezi kuiharakisha wala kuisimamisha upendavyo, kwahiyo nyimbo za kawaida haziwezekani. Ndo wakabuni jambo lingine miaka ya 1600, wanabadilisha mpangilio, kila raundi kengele zinalia kwa utaratibu mpya bila kurudia hata mmoja, na kengele moja inaruhusiwa kusogea nafasi moja tu kwa raundi. Kengele 6 zinatoa mipangilio 720, kengele 7 zinatoa 5,040 na hapo ni kama masaa matatu, kengele 8 ni 40,320, na mwaka 1963 pale Loughborough watu wanane waliimaliza yote, karibu masaa 18 bila kubadilishana, na hawasomi karatasi, yote iko kichwani. Mimi nikisikia zile kengele jioni nasimama barabarani. Kwenye Vita vya Pili vya Dunia, kuanzia Juni 1940, serikali ilizipiga marufuku, zilibaki kuwa ishara ya kwamba Wajerumani wameingia tu, mpaka Novemba 1942 baada ya Waingereza kushinda vita vya El Alamein kule Misri ndo zikaruhusiwa kulia kushangilia, fikiria kimya cha miaka miwili na kitu halafu minara yote inalia siku moja.

Nenda ugonge mlango siku ya mazoezi, wanapenda wageni.

Shikamoo mzee. Eti askofu aliyejenga kanisa la Mkunazini Unguja alitokea huko Lincolnshire?

Marahaba mwanangu. Kuzaliwa alizaliwa London, ila Edward Steere kabla ya kuja Afrika alikuwa padri wa kijiji cha Little Steeping, Lincolnshire, na Askofu Tozer aliyekuja naye alitokea Burgh le Marsh, jirani tu. Ni nchi tambarare kabisa, karibu na mji wa Boston, sio ule wa Marekani, ambako kuna mnara wa kanisa wa mita 81, pesa ya biashara ya sufu ndo iliujenga, mabaharia waliutumia kujua njia, na watu wa huko wanauita Kisiki. Ngazi 365 ukitaka kupanda. Steere aliacha hayo yote, mwaka 1873 soko la watumwa Unguja likafungwa na mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale sokoni. Ndo huyohuyo aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Alifariki 1882, kaburi lake liko nyuma ya altare.

Mimi ni Muislamu, naruhusiwa kuingia kuangalia? Wanatoza?

Ingia bila wasiwasi, hakuna atakayekuuliza dini. Makanisa ya vijijini ni bure, yana kisanduku cha sadaka tu mlangoni, makanisa makuu baadhi wanatoza kiingilio. Epuka Jumapili asubuhi, na kama unataka kupanda mnara vaa viatu vya kukamata, zile ngazi za mawe zimelika katikati zinateleza.