Mtoto wa pongo: anza kumrudisha porini siku unayomwokota

Watu wanapoanza kufyeka mashamba, simu yangu haikosi kuita. "Mama, vijana wameokota mtoto wa swala, tumpe nini?" Swali langu la kwanza ni lilelile: mama yake mmemwona amekufa? Wengi hapo hunyamaza.

Huku Mufindi, mkoani Iringa, Tanzania, kwenye mabonde ya msitu wa asili yaliyobaki katikati ya chai, mipaina na mikaratusi, huyo anayeitwa swala mara nyingi ni pongo. Na pongo hatembei na mwanawe kama mbuzi. Akishazaa humlaza kwenye kichaka kizito, huenda kula, hurudi kumnyonyesha na kumlamba, na hata mavi ya mtoto huyala ili chui asipate harufu. Mtoto hukaa hivyo wiki nyingi, peke yake, kimya, na ukimsogelea hatikisiki. Ukimkuta amelala namna hiyo hajatelekezwa. Ondoka, ondoka na mbwa wako, kesho chungulia kutoka mbali. Kama mmeshambeba, mrudisheni palepale leo hii. Msihofu harufu ya mikono yenu, kwa kawaida mama hamsusi mwanawe kwa sababu hiyo.

Yatima wa kweli utamjua. Analia mfululizo, mdomo wake wa baridi, nzi wamemwandama. Au ni kama huyu wetu: mama yake alikuwa hatua chache kutoka pale, waya wa mtego shingoni.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ile inayofanya vidole vishindwe kufunga kifungo. Alikuwa jike, hakuzidi kilo tano. Siku hiyohiyo tulimpigia afisa wanyamapori wa wilaya, na hatua hii usiiruke hata kama moyo wako umejaa huruma. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukaa na mnyamapori bila kibali. Sisi tuliruhusiwa kumtunza kwa muda, afisa na daktari wa mifugo wakija kumkagua. Wakiamua kumchukua wa kwako, wapeni.

Kuhusu kulisha nitasema machache, maana daktari wa mifugo ndiye wa kumsikiliza. Kwanza apate joto, ndipo anywe. Ukimnywesha akiwa amepoa utamuua. Tulitumia maziwa ya mbuzi ya uvuguvugu kwa chupa ya mtoto, amesimama kwa miguu yake, kichwa kimeinuka kama anayenyonya kiwele. Usimlaze chali mapajani kama kichanga, maziwa yataingia kwenye mapafu. Baada ya kila mlo mpanguse chini ya mkia kwa kitambaa chenye unyevu wa vuguvugu. Mama yake angemlamba hapo, na asipochochewa hivyo mtoto mchanga anaweza kushindwa kukojoa na kunya. Mpe kidogo, mara nyingi. Siku ya tatu nilimwongezea kwa sababu alikuwa akililia chupa, usiku akaharisha mpaka macho yakazama. Daktari alituagiza tupunguze maziwa na kumpa maji ya chumvi na sukari ya dukani, ile ORS. Alipona, lakini usiku ule sitausahau.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Wengi hufikiri kwanza unamkuza, halafu akishakua ndipo unaanza kumfundisha pori. Akifika hapo umeshachelewa.

Wiki ya kwanza tulimlaza jikoni karibu na mafiga. Alfajiri moja nikamkuta amejikunja ubavuni mwa mbwa wetu, wote wawili wamelala. Watoto walifurahi mno. Mama mkwe alisimama mlangoni akatazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, wawindaji wa huku wanakuja na nini?" Wanakuja na mbwa. Pongo anayemwona mbwa kama ndugu atamngoja amfikie. Jioni hiyo mbwa alihamia kwa shemeji, na mtoto akatolewa jikoni, akajengewa kibanda chenye nyasi nyingi nyuma ya nyumba.

Tangu siku hiyo mtu wa kumlisha alikuwa mmoja, mimi, nikiwa na koti lilelile la mvua, bila maneno, isipokuwa kumwita kwa kupiga vidoko vya ulimi. (Vidoko hivyo navyo nilikuja kuvijutia.) Watoto walikatazwa kumshika. Binti yangu wa mwisho alilia siku mbili, na mimi mwenyewe nilitamani kumpapasa kila nilipoinama na chupa. Jina hatukumpa. Wageni waliokuja kupiga picha tuliwarudisha kutoka njiani, na wengine walikasirika. Wala hatukumtisha kwa makusudi, maana pongo akikimbizwa na kuhangaishwa misuli yake inaweza kuharibika, akafa siku chache baadaye. Tulichomnyima ni mazoea tu.

Chakula nacho ni shule. Alipoanza kutafuna tulimletea matawi kutoka msituni, tukayafunga juu na chini ili ajifunze kutafuta. Jani la maharage hakuwahi kulionja kwetu, wala mchicha, wala ugali. Ukimfundisha kuwa bustani ni chakula, siku atakayoingia shamba la jirani atapokewa kwa panga.

Ukiwa na dume, umbali huu ni wa lazima mara mbili. Dume aliyelelewa na watu, pembe zikishaota na damu kuchemka, humwona mtu kama dume mwenzake wa kupigana naye. Katika kijiji cha jirani, dume mmoja aliyefungwa kamba uani alimtoboa paja mwenye nyumba ambaye alikuwa akimpa maji kila siku. Aliishia kuchinjwa, na kosa halikuwa lake.

Mwezi wa tisa afisa alituonyesha mahali pa kujenga zizi, ukingoni mwa msitu. Ni majira ya moto, kwa hiyo tulilima barabara ya kuzuia moto kulizunguka. Hatukumfungulia wakati huo. Majani yamekauka, vichaka ni vyembamba, wawindaji wanatembea. Tulingoja mvua zikolee, maziwa tukiyapunguza mpaka yakaisha mwezi wa kumi na mbili. Kabla ya kufungua tulilala porini Jumamosi mbili tukipekua njia za wanyama, tukatoa nyaya za mitego 19 kwenye bonde lile moja.

Mwezi wa pili, jioni, kwa sababu pongo ni mnyama wa machweo na usiku, nilifungua mlango nikaondoka. Usiku wa kwanza hakutoka. Wa tatu alitoka, alfajiri akarudi. Usimfukuze wala usimfungie nje. Tuliendelea kuacha matawi, kila wiki machache zaidi, mpaka tukaanza kuyakuta yalivyo. Tulipobomoa zizi, alama za kwato zilikuwa zikielekea chini mtoni.

Miezi miwili baadaye, jua likizama, nilikuwa uani nawaita kuku kwa kupiga vidoko vya ulimi kama nilivyofanya miaka yote. Nikahisi kitu. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shamba la maharage, masikio mbele, ananitazama. Alikuwa amefuata sauti. Miguu yangu ilitaka kwenda. Mama mkwe aliniwahi, akagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, mara moja, kwa nguvu. Pongo akabweka, ule mbweko wao unaofanana na wa mbwa, akaruka ndani ya kichaka. Niliingia ndani nikafunga mlango nikalia.

Kwa hiyo, wewe unayelea, mlishe kimya kabisa. Kama ni lazima umwite, chagua sauti ambayo haitumiki nyumbani kwako kwa kazi nyingine yoyote. Sisi tangu jioni ile hakuna anayepiga kidoko uani, hata watoto wanajua. Kuku tunawaita kwa kugonga kopo.